DAWA CHUNGU: Historia ya Gome la Kinkina, Majani ya Mubirizi na Homa Yetu



Kamati iliponiomba niandike habari za dawa za asili kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu, maombi yalikuwa mengi kuliko karatasi. Mzee mmoja alitaka habari za mlonge. Akina mama wa kikundi cha ushonaji walitaka mawese na shubiri, maana ngozi za watoto zimekauka kwa vumbi. Vijana waliuliza juu ya chunusi. Nimewasikia wote, na mbele kidogo nitagusa habari za ngozi. Lakini nimeamua kufuata njia moja, nayo ni ya dawa za homa. Hakuna ugonjwa uliotusumbua hapa Nyarugusu kama malaria, tangu tulipofika mwaka 1996 kwa mitumbwi na maboti kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wala hakuna ugonjwa mwingine ambao magome na majani yana historia ndefu na ya kweli kama huu. Tena historia hiyo inapita katika milima yetu ya Kivu, jambo ambalo watoto waliozaliwa hapa hawalijui.

Nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 1998, wakati wa mvua za masika, binti yangu wa miaka mitatu alishikwa na homa. Zahanati haikuwa mbali, lakini foleni yake ilianza kabla ya alfajiri, na mama yangu mzazi alikuwa na dawa yake aliyonilea nayo: majani ya mubirizi, ambao ndugu zetu Warundi huuita umubirizi. Ni ule mmea mchungu unaoota kandokando ya nyumba na kwenye mipaka ya mashamba katika nchi zetu zote za Maziwa Makuu. Majani tuliyapata kijijini kwa wenyeji, tukayaponda, tukayaloweka, mtoto akashikwa pua akanyweshwa. Siku ya pili homa ilishuka. Mama akanitazama kana kwamba kusema, si nilikuambia? Siku ya tatu mtoto alicheza kidogo. Usiku wa siku ya nne macho yalimgeuka, mwili ukakakamaa, ikawa degedege.

Wengine walishauri tusimpeleke hospitali, kwani kwa imani ya wengi degedege si ugonjwa wa sindano. Ilisemekana kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa atakufa. Nashukuru kwamba hofu yangu siku ile ilikuwa kubwa kuliko imani yangu. Tulimbeba gizani. Mwuguzi alimfunua kope, akaona jicho jeupe kama karatasi, akaniambia, "Baba, huyu mtoto hana damu." Akaongezewa damu, akatundikiwa dripu ya kwinini. Nilikaa chini karibu na kitanda nikiangalia tone moja moja likishuka, na hapo ndipo nilipomkumbuka babu yangu.

Babu alifanya kazi ya kumenya kinkina.

GOME LILILOTOKA MBALI

Kinkina si mti wa Afrika. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, katika nchi za Peru, Bolivia na Ekwado. Wahispania waliotawala huko walijua katika karne ya 17 kwamba gome lake likisagwa na kunywewa huondoa homa ya vipindi. Mapadre Wajesuiti ndio waliolisambaza Ulaya kupitia Roma, na kwa sababu hiyo likaitwa unga wa Wajesuiti. Wakati ule hakuna aliyejua vimelea wala kazi ya mbu. Walijua tu kwamba mgonjwa aliyekuwa akitetemeka Jumatatu na Jumatano alikunywa unga, na Ijumaa hakutetemeka.

Iko hadithi iliyorudiwa kwa miaka mia mbili na zaidi, kwamba mke wa mtawala wa Kihispania wa Peru, yule wa ukoo wa Chinchón, aliponywa na gome hilo mwaka 1638. Kwa heshima yake mtaalamu wa mimea Linnaeus aliuita mti huo Cinchona mwaka 1742, akakosea tahajia ya jina lenyewe. Baadaye kumbukumbu za ikulu ile zilisomwa vizuri, ikaonekana mama huyo hakuwahi kuugua homa hiyo. Naitaja hadithi hii kwa makusudi. Dawa yenyewe ilikuwa ya kweli, lakini ushuhuda uliotumika kuitangaza ulikuwa wa uongo.

Na iko habari nyingine inayonichekesha kila ninapoikumbuka. Uingereza ya wakati huo ilikuwa ya Kiprotestanti, na watu wengi waliogopa kunywa unga wa Wakatoliki. Akatokea bwana mmoja, Robert Talbor, aliyejifunza kidogo kazi ya kuuza dawa, akaenda kukaa kwenye pwani yenye mabwawa ambako homa ilikuwa nyingi. Mwaka 1672 alitoa kitabu akiwaonya watu dhidi ya unga wa Wajesuiti, huku akiuza dawa yake ya siri isiyoshindwa. Alimponya mfalme Charles wa Pili. Akavuka kwenda Ufaransa, akamponya mwana wa mfalme Louis wa Kumi na Nne, na mfalme akainunua siri kwa fedha nyingi kwa sharti kwamba isitolewe hadi mwenyewe afe. Talbor alifariki mwaka 1681. Mwaka uliofuata siri ilichapishwa: ndani ya mvinyo wake ulikuwamo unga ule ule wa gome aliowakataza watu. Hata leo sokoni kwetu yupo anayeuza chupa isiyo na jina, na ukimwuliza kilichomo anasema ni siri ya ukoo. Siwezi kumwita mwongo, kwani Talbor naye aliponya. Lakini aliyemnunulia Talbor hakuwa na njia ya kujua kama chupa ya pili ina nguvu sawa na ya kwanza.

Hapo ndipo palipokuwa na shida kubwa ya gome. Miti ya kinkina ni ya aina nyingi. Gome la mti mmoja lina dawa nyingi, la mwingine karibu halina kitu, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Wafanyabiashara walilitambua hilo haraka, wakawa wanachukua magome ya miti mingine na kuyaloweka katika utomvu wa shubiri ili yawe machungu. Mnunuzi alionja, akakunja uso, akalipa. Mgonjwa wake alikunywa uchungu mtupu, akafa. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliamini kwamba kila kichungu hufukuza homa. Ndivyo walivyoamini pia wanunuzi wa London na Sevilla.

Mambo yalibadilika mwaka 1820, pale Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walipoitoa ndani ya gome ile chembechembe yenyewe inayoponya, wakaiita kwinini. Tangu hapo iliwezekana kupima. Daktari hakusema tena "kunywa kikombe", alisema kunywa kiasi hiki, kwa saa hizi, kwa siku hizi.

KWININI NA WAKOLONI

Sharti tuseme ukweli wote wa historia. Dawa hii iliyotuokoa ndiyo iliyowafungulia wengine mlango wa kututawala. Mwaka 1841 msafara wa Waingereza ulioingia mto Niger ulipoteza Wazungu wengi kwa homa. Mwaka 1854 daktari Baikie alipanda mto huo huo katika meli iliyoitwa Pleiad, akawanywesha watu wake kwinini kabla hawajaugua, na Wazungu wote wakarudi hai. Miaka thelathini baadaye wakubwa wa Ulaya walikaa Berlin wakigawana bara. Sisemi kwinini peke yake ilileta ukoloni, bunduki na tamaa zilikuwepo. Lakini bila kwinini wangekaa pwani muda mrefu zaidi.

Hapa Kigoma kwenyewe pana ukumbusho. Livingstone alikuwa na vidonge vyake vya kujitengenezea, vyenye kwinini ndani. Mwaka 1867 mpagazi mmoja alitoroka na sanduku lake la dawa, na mzee huyo aliandika kwamba alijiona kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa kifo. Aliishi miaka sita mingine, mingi kati ya hiyo akiwa mgonjwa. Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871, alikuta mzee aliyechoka, amekonda. Wageni hupiga picha pale penye mnara wa Ujiji wakifikiri juu ya mkutano wa Wazungu wawili. Mimi nikipita pale humfikiria yule mpagazi, ambaye labda hakujua kabisa amebeba nini.

Dunia ilipoitaka kwinini kwa wingi, misitu ya Andes ikaanza kuisha, na nchi za Amerika ya Kusini zikazuia mbegu zisitoke. Mwingereza Charles Ledger alikuwa na mtumishi wake, Mwenyeji wa Bolivia aitwaye Manuel Incra Mamani, aliyeijua miti ya kinkina kwa macho na kwa ulimi kuliko profesa yeyote. Mamani aliitafuta miti iliyo bora, akangoja miaka minne kwa sababu baridi iliua maua kila mwaka, na mwaka 1865 akaleta mbegu. Waingereza walizikataa. Waholanzi wakanunua nusu kilo hivi kwa bei ya kutupa, wakazipanda Java. Miti iliyoota ilikuwa na kwinini hadi asilimia 13 ya gome, kiasi ambacho hakijawahi kuonekana. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili Java ilikuwa ikitoa zaidi ya sehemu tisa katika kumi za gome lote duniani. Ama Mamani, alipotumwa tena kutafuta mbegu alikamatwa na wakubwa wa kwao, akafungwa, akapigwa, na mwaka 1871 akafa. Mti ule uliitwa Cinchona ledgeriana. Jina la tajiri ndilo lililobaki kwenye mti.

Wajerumani nao waliipanda kinkina Amani, katika milima ya Usambara huku Tanganyika, ambako walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Vita vya 1914 vilipoanza, manowari za Waingereza zilifunga pwani na vidonge vikaisha. Jeshi la Lettow-Vorbeck likawa linachemsha magome na kunywa maji yake. Askari waliyaita pombe ya Lettow, kwa dhihaka, maana hakuna pombe chungu kiasi kile.

BABU NA NYUNDO YA MTI

Sasa tufike kwetu. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji walianza kupanda kinkina katika nyanda za juu za Kivu, mahali penye baridi na mvua ya kutosha, udongo mweusi wa volkeno. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Java, na ghafla majeshi yaliyokuwa yakipigana na Ujerumani na Japani yakakosa dawa. Kila shamba la kinkina lililobaki duniani likawa na thamani ya dhahabu, na Kivu ikawa miongoni mwa mashamba hayo. Baada ya vita Kongo ikawa mmoja wa wazalishaji wakubwa wa gome duniani, na huko Bukavu kiwanda cha Pharmakina kikatengeneza kwinini kwa miaka mingi kutokana na miti ya mlima huo huo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, kama babu alivyotuonyesha kwa mikono wakati wa jioni. Mti huachwa ukue miaka saba, minane, hata zaidi. Kisha hukatwa, au kung'olewa pamoja na mizizi, kwani gome la mizizi lina dawa pia. Vipande vya shina hupigwa kwa nyundo ya mti, taratibu, kuzunguka pande zote, mpaka gome liachane na mti. Ukipiga kwa hasira unalivunja. Ukipiga kwa woga halitoki. Gome huanikwa, likajikunja kama mdalasini, kisha likapakiwa magunia. Vumbi lake liliwaingia puani na mdomoni, na babu alisema chakula cha mchana kilikuwa kichungu hata kama ni ndizi mbivu. Mashamba hayo mengi yaliwekwa mahali palipokuwa pa migomba na mtama wa watu, na mshahara haukuwa wa kusimulia. Vipande vilivyodondoka viliingia mifukoni, vikachemshwa nyumbani. Kikombe cha babu kiliwasaidia baadhi na kuwatia wengine uziwi wa siku kadhaa, kwani kwinini ikizidi masikio huvuma na kichwa huzunguka. Yeye aliita hiyo "kengele ya kinkina". Ikilia, alisema, usiongeze.

Ndiyo maana usiku ule wa 1998, nikiwa nimekaa chini ya dripu, nilihesabu. Inawezekana kabisa kwamba maji yale yalitoka katika kilima cha kwetu. Tulikimbia bila hata godoro, na gome la kwetu likatufuata ng'ambo ya ziwa likiwa ndani ya kichupa cha kioo. Asubuhi mtoto alifumbua macho na kuomba uji.

BAADA YA KWININI

Wasomaji wa makamo watauliza, mbona hospitali iliacha kutoa kwinini kama zamani? Jibu ni kwamba wadudu nao husoma. Klorokwini, iliyotengenezwa kiwandani na Wajerumani mwaka 1934, ilienea baada ya vita, ikawa nafuu na rahisi, na watu wakaisahau kinkina. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 vimelea visivyosikia klorokwini vilionekana Afrika ya Mashariki. Tanzania iliiacha mwaka 2001, ikatumia SP kwa miaka mitano, nayo ikachoka. Mwaka 2006 serikali ikachagua dawa mseto, ambayo ndiyo tuliyoizoea kwenye pakiti zenye picha za jua na mwezi.

Nusu ya dawa mseto imetoka tena kwenye jani. Mwaka 1967, tarehe 23 Mei, serikali ya China ilianzisha kwa siri mradi wa kutafuta dawa ya malaria, kwa kuwa askari wa Vietnam walikuwa wakifa kwa homa kuliko kwa risasi. Mama mmoja mtafiti, Tu Youyou, alipewa kazi ya kupekua vitabu vya waganga wa kale. Katika maandishi ya mganga Ge Hong wa karne ya 4 alikuta maelezo ya mmea uitwao qinghao, ambao sisi tunauita artemisia. Mganga huyo alielekeza ulowekwe katika maji, ukamuliwe, na maji yanywewe. Hakusema uchemshwe. Tu Youyou akagutuka: labda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa yao katika majaribio. Akaitoa kwa etha, isiyohitaji moto mkali, na tarehe 4 Oktoba 1971 sampuli ya 191 iliua vimelea vyote katika panya. Mwaka uliofuata aliinywa mwenyewe kwanza, pamoja na wenzake wawili, kabla ya kumpa mgonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Katika malaria kali, sindano ya artesunati, inayotokana na mmea huo, ndiyo iliyoiondoa kwinini kitandani. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 ulihusu watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kongo na Tanzania zikiwemo. Kati ya kila watoto mia waliopewa kwinini walikufa karibu kumi na mmoja. Kwa waliopewa artesunati, walikufa wanane au tisa. Tofauti ya wawili katika mia yaweza kuonekana ndogo kwa msomaji wa takwimu. Aliyekaa wodini anajua wawili ni kina nani.

Basi watu wengi wakasema: kama dawa ni jani, tunywe chai ya jani. Mbegu za artemisia zimepita kutoka mkono hadi mkono, kambini na vijijini. Mwaka 2020, wakati wa korona, rais wa Madagascar alitangaza kinywaji cha artemisia, na Tanzania ikatuma ndege kukichukua, pasipo majaribio ya kuonyesha kwamba kinatibu. Kwa upande wa malaria, Shirika la Afya Duniani limekataa chai na unga wa artemisia, na sababu zake zinaeleweka na mtu yeyote aliyesikia habari za gome. Dawa iliyomo haichanganyiki vizuri na maji. Jani la shamba hili lina nyingi, la shamba lile kidogo. Kikombe chenye dawa pungufu hakiui vimelea vyote, na vinavyobaki ni vile vilivyo sugu. Tayari vimelea vyenye dalili za usugu dhidi ya artemisinini vimeonekana Rwanda, Uganda na Kagera. Kagera si mbali na hapa.

NA MUBIRIZI JE?

Nisionekane mtu aliyekwenda shule akawadharau wazazi. Mubirizi una dawa. Tena ushahidi mmoja ulipatikana katika mkoa huu huu, milima ya Mahale, kusini mwa Kigoma kando ya ziwa. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman alikuwa akifuatana na Mzee Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, askari wa hifadhi na mtaalamu wa miti shamba. Walimwona sokwe jike aliyeitwa Chausiku akiwa mgonjwa, mlegevu, akivunja matawi ya mubirizi. Alimenya ganda, akatupa majani, akatafuna kiini cha ndani na kufyonza maji yake. Ni Mzee Kalunde aliyemweleza mgeni kwamba huo ni mti wa dawa kwa Watongwe, hasa kwa tumbo. Kesho yake sokwe alikuwa na nguvu. Maabara ilikuja kuonyesha kwamba ndani yake mna vitu vinavyopambana na minyoo, na kwamba majani yana sumu zaidi kuliko kile kiini. Sokwe aliyatupa. Sisi tuliyaponda tukamnywesha mtoto.

Kwa malaria pia umepimwa, na matokeo yake ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2009 uliwapa wagonjwa wakubwa wenye malaria isiyo kali maji ya majani ya mubirizi. Siku ya kumi na nne, wagonjwa 67 katika kila mia walikuwa wanajisikia vizuri kiasi cha kuridhisha. Lakini walioondokewa kabisa na vimelea katika damu walikuwa 32 tu katika mia, na wengi wa hao ugonjwa uliwarudia.

Niliposoma tarakimu hizo nilirudi moja kwa moja kwenye siku ya tatu ya mwaka 1998, mtoto akicheza mlangoni na mama yangu akitabasamu. Mama hakuniongopea. Homa ilishuka kweli. Wadudu walibaki ndani, wakila damu kimya kimya, na mtoto mdogo hana damu ya kugawa kama mtu mzima wa Uganda.

Kwa ngozi mambo ni mepesi zaidi, maana ukikosea unapoteza siku, hupotezi mtu. Upele umetusumbua kambini kila maji yanapopungua. Mwaka 1992 watafiti nchini India waliandika kwamba waliwapaka watu 814 wenye upele mchanganyiko wa mwarobaini na manjano mabichi, na 97 katika mia walipona ndani ya wiki mbili hivi. Hawakuwa na kundi jingine la kulinganisha, kwa hiyo siapi kwa namba hiyo. Lakini mwarobaini juu ya ngozi, shubiri juu ya ngozi iliyoungua kidogo, na mawese kwa ukavu, sioni ugomvi navyo. Vijana wa chunusi, sabuni ya mwarobaini mjaribu, na mwache kuzikamua. Mafuta ya mwarobaini kumnywesha mtoto mchanga ni habari nyingine kabisa: katika miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto waliopata degedege na kuzimia baada ya kunyweshwa, na baadhi yao walifariki.

Kwa homa, kipimo cha tone la damu kidoleni huchukua robo saa tu. Mwenye mubirizi nyumbani aende nao, amwonyeshe mhudumu, aseme amempa mtoto kiasi gani na tangu lini. Nanyi ndugu wahudumu, niwaombe jambo moja. Mama anapowaambia amempa mtoto majani, msimfokee. Mwaka 1998 hatukuchelewa kwa sababu ya majani peke yake. Wiki moja kabla, mama mmoja wa jirani alikuwa amefokewa mbele ya foleni nzima kwa kusema ukweli, na habari hiyo ilizunguka mtaa wetu kabla ya jua kuchwa. Mama yangu aliisikia.

Mama alifariki miaka kadhaa baadaye, akiwa mzee, na mubirizi ukiwa bado umeota kando ya nyumba. Tuliendelea kumchemshia kwa ajili ya tumbo lake, na ulimsaidia. Binti yangu ni mtu mzima sasa, ana watoto wake. Nimemwuliza kama anakumbuka ile dripu. Hakumbuki dripu, hakumbuki degedege wala giza la njiani. Anachokumbuka ni bibi yake akimshika pua.